Maji ya Kumwosha Henia

Perth, Jumapili, 12 Machi 1961

Dada Gitla,

Henia amekufa. Alhamisi saa nne asubuhi, jikoni, anamenya vitunguu. Moyo. Daktari alikuja akakuta amekwisha.

Tulimzika Ijumaa, kabla ya Sabato kuingia.

Salamu sikuletei. Unajua mwenyewe, niko ndani ya siku saba za msiba, mfiwa hasalimu. Nimekaa juu ya kasha la machungwa, ndicho kitu kifupi nilicho nacho. Shati nimelichana. Kioo jirani amekifunika shuka. Watu wanaleta mayai na supu. Mayai nimeyala mpaka basi.

Waliomwosha ni Pesia Luxenberg na wenzake wawili. Pesia unamjua, yule mwembamba, mke wa fundi saa. Zamani walikuwa wanne. Wa nne ni Henia, na ndiye alikuwa mkubwa wao. Miaka kumi na mbili ameongoza wanawake wa chama cha kuzika Wayahudi wa Perth. Safari hii amelala yeye.

Maji nilijaza mimi. Mwenyekiti, mzee Orbach, alinikataza. "Zelig, wewe mfiwa. Kaa chini, leo kazi si yako." Nikamwambia anipishe.

Kuoshwa ameoshwa. Sisemi zaidi.

Chama nimetoka. Nilimwambia mzee Orbach pale pale makaburini.

Usije. Mguu wako mbaya.

Zelig


Melbourne, 22 Machi 1961

Mdogo wangu Zelig,

Na mimi salamu zako nimezimeza, siku thelathini za msiba bado. Mungu akufariji pamoja na wafiwa wote. Hayo ndiyo tunayoruhusiwa, basi nimeyasema.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Motek aliporudi kutoka kiwandani alinikuta na aproni usoni. Wifi yangu jamani. Kila mwezi ananiandikia, anajaza karatasi pande zote mbili, halafu pembeni anabana maneno: "Zelig anakusalimu." Uongo mtupu. Hujawahi kunisalimu. Nilikuwa najua, na nilikuwa nafurahi hivyo hivyo.

Huku tupo. Motek bado anashona makoti ya watu na lake limetoboka kiwiko. Binti yetu Sala anataka kuolewa na muuza majokofu. Nimemuuliza, "Anasali?" Akanijibu, "Mama, ana gari." Basi hilo ndilo jibu la siku hizi.

Mguu wangu ndio huo, nashukuru kwa kuuliza.

Sasa tuje kwenye jambo. Umetoka chama? Wewe? Mzee Orbach ameniandikia, mkono unamtetemeka mpaka herufi zinaanguka. Ana miaka themanini na moja, hawezi tena kufunga mkanda wa sanda. Anataka umrithi uenyekiti. Anasema watu wa kamati anao tele, wanapenda mikutano na chai, ila ukiwaambia njooni chumba cha kuoshea, huyu mgongo, huyu mke wake hapendi. Anasema, "Zelig hajui kuhutubia, na hilo ndilo ninalolitaka."

Halafu wewe unaniandikia, "Kuoshwa ameoshwa. Sisemi zaidi." Nakujua tangu nakufuta kamasi. Ukisema husemi zaidi, kuna gunia zima nyuma ya mlango. Lifungue.

Dada yako,
Gitla


Perth, 30 Aprili 1961

Dada Gitla,

Salamu. Sasa ruksa. Pasaka yetu ikiingia hukata zile siku thelathini, nikanyoa ndevu. Mimi mzima. Motek na Sala wasalimie. Muuza majokofu si mbaya, akiishiwa ataweza kubeba mizigo.

Nimechelewa kujibu. Kazi. Natoa matofali tanurini. Wanatufungulia bado ya moto, glavu hazimalizi wiki mbili.

Mzee Orbach alinifuata huko huko kazini. Koti jeusi, kofia. Waitaliano wakavua kofia zao, wakadhani amekuja kutangaza msiba. Akasimama kwenye vumbi.

"Zelig, chama kinakutaka."

"Chama kina watu."

"Nani? Fogelman? Fogelman akiona maiti anaanguka. Mara ya mwisho tumeinua wawili, marehemu na Fogelman."

"Mchukue daktari wa meno."

"Yule anataka apewe ratiba. Malaika wa mauti ana ratiba?"

"Mzee, nina matofali."

"Matofali hayazeeki. Mimi nazeeka. Zelig, sikia. Wewe na Henia mlikuwa hamuulizi nani amekufa, tajiri au maskini, aliyewasalimu au asiyewasalimu. Mnaitwa, mnakuja. Mwenyekiti ni huyo. Hayo mengine ni viti."

Nikamwambia Henia ukimwita sasa haji. Akafuta vumbi kofiani. Halafu akaniuliza, "Una nini na Pesia?"

Nikarudi tanurini. Alikaa pale nusu saa. Muitaliano mmoja akampa maji.

Na wewe nakwambia mapema. Pesia akiwa upande wa wanawake, mimi sitii mguu chamani. Ijumaa nilimkuta kwa mwoka mikate. Akasema, "Sabato njema, Zelig." Nikampa mgongo. Watu waliona. Waone.

Zelig


Melbourne, 10 Mei 1961

Zelig,

Salamu zetu sote. Sala amevalishwa pete, jiwe lenyewe utafikiri chembe ya chumvi. Motek anakohoa. Tuendelee.

Umempa mgongo mwanamke mbele ya mikate ya Sabato. Hongera. Mama angekuwa hai angekuchapa na mwiko, na miaka yako hamsini na minne hiyo.

Nakupa habari ambayo hukuniambia, ingawa iko mlangoni kwako. Pesia naye amejitoa. Mzee Orbach ameniandikia. Amesema hataki kuwa mfupa kooni mwa mtu, wewe ukirudi ndipo afikiriwe. Wewe humtaki yeye, yeye anakupisha wewe, na hakuna aliyeingia. Wamebaki wanawake wawili. Mama Zuckerman amekufa Jumatatu ya wiki iliyopita, amelazwa mpaka Jumatano kwa kukosa mikono ya kumgeuza. Siku mbili, Zelig! Kwa watu wetu! Hata ule mwaka wa homa, kijijini, theluji mpaka madirishani, mtu alizikwa siku yake.

Yule mama alimkosea nani? Aliwakosea nini wewe na Pesia?

Sema amefanya nini. Kama ni jambo, nitakuunga mkono. Kama si jambo, nitapanda treni nije nikuone uso kwa uso, na mguu huu huu.

Gitla


Perth, 4 Juni 1961

Dada Gitla,

Salamu. Motek anywe maziwa ya moto na siagi.

Habari ya mama Zuckerman ninayo. Usidhani sina.

Umelazimisha. Haya.

Maji ya mwisho unajua yanavyomwagwa. Ndoo tatu. Ya pili inaanza ya kwanza haijaisha. Ya tatu inaanza ya pili haijaisha. Yanakwenda mkondo mmoja, kichwani mpaka miguuni. Yakikatika hapo kati, yote hayahesabiki. Mnajaza upya, mnaanza mwanzo. Hakuna mjadala. Miaka kumi na tatu nimemwaga maji Perth hii. Mara mbili yalitukatikia. Mara mbili tulianza mwanzo.

Siku ya Henia nilileta ndoo mpya kutoka kazini. Zile za chama zimebonyea, zina kutu ukingoni. Nikasema kwa mke wangu hapana. Nikazisugua, nikazijaza mpaka juu, nikaziweka mlangoni. Pesia akazivuta ndani. Mlango ukafungwa. Mwanamume haingii.

Nikasikia ya kwanza. Halafu kimya. Halafu ya pili.

Umenielewa? Kimya. Si kirefu. Lakini mimi najua sauti ile kama najua jina langu. Yalikatika. Aliyekuwa anaongoza ni Pesia.

Hawakurudia.

Walipofungua, Henia alikuwa jenezani na sanda yake. Pesia hakunitazama usoni. Kwa nini mtu asikutazame usoni?

Henia ameosha wanawake zaidi ya hamsini mjini hapa. Hakuna hata mmoja aliyeondoka na maji nusu. Mama yetu, na ndugu zetu Rojza na yule mdogo, unajua walivyokwenda wakati wa vita. Hakuna aliyewamwagia hata kikombe. Ndiyo maana niliingia chama. Nilisema walio wangu waliobaki watapata maji yao. Alikuwa amebaki mmoja huku.

Sasa unajua. Usimwambie mtu.

Zelig


Melbourne, 9 Julai 1961

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Motek amepona, maziwa na siagi, amenenepa pia. Arusi ya Sala ni Desemba.

Nimekaa na barua yako mwezi mzima. Nimeiweka kwenye droo ya visu, kila nikichukua kisu naiona.

Umesema nisimwambie mtu. Nimemwambia. Nimemwandikia Pesia, nikamuuliza waziwazi: maji yalikatika au hayakukatika, mlirudia au hamkurudia. Kasirika. Ukimaliza kukasirika endelea kusoma.

Amejibu. Nilifungua bahasha nikitegemea kurasa, nikakuta mistari miwili. Nakunakilia:

"Gitla, ya chumbani hayatoki chumbani, Henia mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo, na simvunji kwa ajili ya kujitetea. Muulize mdogo wako alikuwa wapi."

Basi. Na hakika ndivyo ilivyo, Zelig, wewe hujawahi kuniambia hata neno moja juu ya mtu uliyemwosha. Niliwahi kukuuliza kama kweli yule tajiri muuza makoti ya manyoya alikuwa na kovu la kisu, ukaniambia nikakaange samaki wangu. Sasa huyu mwanamke unamdai afungue kinywa, na akikifungua anakuwa amevunja kile unachomlaumu kwamba hakukiheshimu.

Kabla sijakuuliza, nitatoa la kwangu.

Mguu wangu ni mzima. Ulikuwa mzima Machi. Kuwahi maziko wala siku saba nisingeweza, lakini kabla ya Pasaka ningekaa na wewe wiki nzima. Motek alishakwenda kuuliza tiketi. Mimi nikasema mguu. Sikutaka kuingia kwenye ile nyumba nione aproni ya Henia imetundikwa. Nikaogopa, nikajificha nyuma ya mguu, na wewe ukanisaidia kwa kuandika "usije". Nimeona aibu miezi minne. Nisamehe.

Sasa wewe. Ulikuwa wapi?

Gitla


Perth, Jumanne, 22 Agosti 1961

Dada Gitla,

Salamu kwako, kwa Motek, kwa Sala. Mguu nimeusamehe. Nilijua. Motek alinipigia simu Machi kuuliza kama mkate wa kumletea mfiwa unaruhusiwa ndani ya treni. Mtu mwenye mke asiyeweza kutembea haulizi hivyo.

Wiki sita sikukujibu. Kila Jumapili nilichukua karatasi. Nikaandika "Dada Gitla, salamu." Nikaishia hapo.

Mzee Orbach amekufa juzi Jumapili, asubuhi, amevaa viatu tayari kwenda kusali. Mkwe wake alikuja kwangu. Akasema, "Fogelman yuko, daktari wa meno yuko, mimi niko. Hakuna anayejua kinachoanza." Nikamwambia simo chamani. Akasema, "Najua. Nimekuja hivyo hivyo." Akabaki amesimama mlangoni, kofia mkononi.

Nikavaa koti.

Sanda za chama anashona Pesia. Hata alipojitoa hakuacha kushona. Ilibidi niende. Alifungua mlango akanitazama.

"Orbach?"

"Orbach."

"Ingia, usisimame kama mdai."

Sanda ilikuwa tayari. Alimpima kwa macho toka mwaka jana, alisema mzee mwenyewe alikuwa akimtania, "Pesia, usinibane mabegani." Akanifungia kwenye shuka. Halafu akaingia chumba cha kufulia, akatoka na ndoo tatu. Zangu, za kazini. Alikuwa nazo muda wote.

"Na hizi chukua. Sikutaka zikae kule."

"Kwa nini?"

"Chukua, Zelig."

Jana asubuhi tukamwosha mzee. Kwenye maji ya mwisho nikapanga ndoo za chama, zile za kutu. Nikachota kwa ndoo yangu kujazia. Ndoo yangu imejaa mpaka juu, nikaimimina kwenye ya chama. Haikujaa. Nikatazama. Ilibaki theluthi nzima tupu. Nikamimina ya pili, kwenye nyingine. Hivyo hivyo.

Ndoo za tanurini ni fupi, Gitla. Zimetengenezwa hivyo, mtu abebe mbili za udongo siku nzima asivunjike mgongo. Nazibeba kila siku na sikuliona hilo. Wale wanawake wamezoea kiasi cha ndoo za chama. Mikono yao inajua lini ya kwanza inakaribia kuisha, lini wa pili anyanyue. Siku ile ndoo ya kwanza ikaisha kabla wa pili hajanyanyua. Maji nilikata mimi. Kwa sababu nilitaka vitu vizuri kwa mke wangu.

Nilisimama pale. Fogelman akaniuliza, "Unaumwa? Kaa mimi nitamwaga." Fogelman! Nikamwambia ashike ya pili, anyanyue nikitikisa kichwa. Akashika. Haikukatika. Hakuanguka pia. Yule wa meno ndiye alitoka nje kidogo.

Tukamvika. Mwisho ikabidi mkubwa aseme yale maneno, wote wakanitazama mimi. Nikamwita mzee kwa jina lake. "Feivel mwana wa Hersz, kama tumekukosea heshima kwa lolote, tusamehe. Tumefanya kama ilivyo desturi." Neno "tusamehe" nikalisema mara mbili. Walidhani ni kwa ajili ya mzee.

Leo asubuhi nikarudi kwa Pesia. Mumewe yuko mezani, ana lenzi kwenye jicho na saa ya mtu mkononi, akajifanya hasikii.

Nikamwambia, "Ndoo zilikuwa fupi. Ulijua."

"Nilijua nilipoishika."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kwamba mkeo kakatikiwa maji kwa mkono wako? Siku ile? Wewe ulikuwa na rangi ya jivu. Nikasema bora anune na mimi, kununa na mimi hakutamuua."

"Miezi mitano, Pesia."

"Nimeolewa na fundi saa. Najua kungoja."

Mumewe akakohoa.

Nikamuuliza kama walirudia. Akaniuliza, "Ulikuwa wapi?"

Basi na wewe nakujibu hapa, dada. Nilikuwa uani. Niliposikia kile kimya, na ile ya pili imeanza, nikatoka. Mkubwa wa zamu anakaa mlangoni mpaka mwisho, hiyo nimewafundisha watu mimi mwenyewe. Sikukaa. Nilikwenda mpaka ukutani nikashika ule ukuta na mikono miwili. Sijui muda gani. Niliporudi mlango unafunguliwa. Nilipokuandikia kwamba hawakurudia, sikuwa najua. Niliandika tu.

Nikamwambia Pesia hivyo. Uani.

Akasema, "Ungekaa ungesikia."

Hakuvunja siri ya chumbani, nami sikumlazimisha. Lakini nimesikia, Gitla. Ndani ya chumba kile kuna bomba na kuna ndoo za chama ukutani. Hao wanawake amewafundisha Henia, hawaachi maji nusu.

Nikamwomba msamaha. Mara tatu, kama inavyotakiwa. Ya kwanza akasema kaa unywe chai. Ya pili akasema sukari iko wapi. Ya tatu akasema, "Nimekusamehe tangu Machi, ulikuwa umechelewa tu kuja kuuchukua."

Kuhusu mama Zuckerman hatukusameheana. Huyo sote wawili tunakwenda kaburini kwake Jumapili. Kama ilivyo desturi, na watu kumi, tumwombe radhi.

Jioni hii wanaume wa chama walikuja kwangu. Kumi na mmoja, viti havikutosha, wengine wakakaa juu ya ndoo. Wakaniuliza uenyekiti. Nikawaambia mimi siwezi kuhutubia na kusoma kwangu ni kwa shida. Nikawaambia nilimwacha mke wangu, nikaondoka mlangoni. Nikawaeleza ndoo, nikawaeleza uani. Mtu anayetaka kuongozwa na mimi ajue. Fogelman akasema, "Na mimi naanguka. Endelea." Yule wa meno akataka tupige kura kwa karatasi. Wakamzomea. Akanyanyua mkono na yeye.

Nimekubali. Nimeweka jambo moja tu, Pesia arudi kuongoza wanawake, na upande wake hauulizwi na mtu. Mumewe ameleta jibu hivi sasa. Amesema Pesia harudi kwa ajili yangu, anarudi kwa kuwa hakuna mwingine. Nimemwambia hata mimi hivyo hivyo.

Njoo kabla ya arusi, au Motek akulete. Aproni ya Henia bado imetundikwa. Mimi pia sijaweza kuishusha. Tutaishusha wawili.

Msimamizi alinipa siku mbili, zimekwisha. Kesho narudi kazini.

Zelig